Gari Lisilovuka Mpaka

Hamburg, 4 Februari 2018

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno. Goti lako je? Na mbuzi, mvua imewapa majani?

Nina habari njema. Bandarini wamenipa likizo mwezi wa Julai. Tangu tumzike Baba sijaikanyaga Otjinene, na siku hizi naota maziwa mgando yako mpaka naamka nameza mate. Nitakodi gari pale Windhoek. Nimeona moja kwenye simu, bei ya kutupa. Utakaa mbele kama malkia, nikupeleke Botswana, Sehitwa, ukamwone mama mkubwa Uapiruka. Najua umemngoja dada yako tangu mimi sijazaliwa.

Mwanao,
Ueritjiua

Otjinene, 3 Machi 2018

Mwanangu Ueri,

Marahaba, baba. Goti lipo, linanikumbusha umri wangu. Mbuzi wamenenepa kukuzidi wewe kwenye ile picha. Huko hawali nyama?

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nimeshapeleka kitambaa kwa fundi anishonee gauni na kilemba chetu cha pembe mbili kama za ng'ombe, maana Uapiruka asije akasema nimechakaa. Kandjii mwanawe ananiambia macho ya mama yake yanafifia. Nataka anione kabla hayajazima.

Ila uliza vizuri hilo gari. Shemeji wa jirani yetu Tjizembua alikodi la harusi kwa bei ya kutupa kama hiyo yako, na siku ya kurudisha akatoka pale analia. Bei ya kwanza ni ya kukuita tu, mwanangu. Uliza kama linavuka mpaka.

Mama yako

Hamburg, 8 Aprili 2018

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi mzima wa mwili.

Nimeuliza. Nilimpigia dada mmoja wa ofisi inayokodisha lile gari, tukazungumza mpaka nikaona haya. Bei niliyoiona ni ya gari tupu. Juu yake kuna dhamana wanayoizuia kwenye kadi ya mkopo, nayo inashinda kodi yenyewe. Nikamwambia, "Dada, mimi nina kadi ya kawaida tu." Akacheka kwa upole: "Kaka, hiyo hatuipokei." Rafiki yangu akaniwekea dhamana kwa kadi yake nikamshukuru, kumbe kadi lazima iwe na jina la dereva. Nimelazimika kuomba ya kwangu benki.

Halafu bima. Ipo, lakini likigongwa, sehemu ya kwanza ya hasara ni yangu. Tairi na kioo cha mbele havimo kabisa, na unazijua barabara zetu za changarawe. Nikichelewa kulirudisha saa chache, nalipa siku nzima. Kuvuka mpaka kunataka kibali na bima nyingine, na gari dogo kama lile hawaliruhusu hata kwa kibali. La kuvuka ni lile kubwa, na bei yake siiwezi, Mama. Nimepiga hesabu kila upande.

Nitakuja. Lakini Sehitwa hatutafika. Nisamehe.

Mwanao,
Ueri

Otjinene, 30 Aprili 2018

Ueri,

Sisi wazima.

Gari ndilo lisiloruhusiwa kuvuka. Mimi nani kanikataza? Liegeshe Buitepos pale mpakani, upande wetu. Nitavuka kwa miguu yangu na pasipoti yangu. Kandjii atamleta Uapiruka upande wa pili. Nimeshaongea naye.

Wewe njoo tu.

Mama yako

Hamburg, 12 Agosti 2018

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali ya wapi.

Nimekaa na kalamu hii tangu nirudi. Bado nakuona tukitembea kati ya yale malori, wewe na gauni lako, goti likikuvuta, hutaki nikushike. "Niache, usinifanye mzee mbele ya dada yangu!" Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na gari la Kandjii. Ulipomsalimu, alinyoosha mikono akakushika uso, pua, kilemba, akasema, "Umenenepa, mwizi wa nyama wewe." Mkacheka, mkalia. Mimi nikaenda kujifanya naangalia malori.

Jioni nikakwambia twende, gari linatakiwa Windhoek asubuhi. Ukasema, "Nenda, baba. Gari la watu halilali nje." Nikadhani utani. Lile furushi nililokubebea, Mama, nilidhani ni zawadi, kumbe ni nguo zako za kubaki.

Niliendesha peke yangu mpaka Gobabis, kiti cha mbele kitupu. Jiwe lililorushwa na lori likapasua kioo cha mbele. Wamekata kwenye dhamana, na sikubishana. Dada wa ofisi akaniuliza, "Safari ilikuwa nzuri?" Nikamkabidhi funguo.

Sikukasirika. Ila nimeishi ugenini miaka yote hii nikijua wewe uko Otjinene, mlangoni, unachunga mbuzi kwa macho. Sasa nikikukumbuka, nikukumbuke ukiwa wapi? Utarudi lini nyumbani?

Mwanao,
Ueri

Sehitwa, 16 Septemba 2018

Mwanangu Ueri,

Marahaba, baba. Nakusalimu kwa salamu za wote wa huku. Mbuzi wapo kwa Tjizembua, usihangaike.

Ningekuambia mapema, ungebaki, na ungebaki ningekuona unahesabu saa za gari huku unanitazama. Sikutaka kukuaga namna hiyo. Nililia ulipogeuka kuondoka, lakini hukutazama nyuma, nikashukuru.

Macho ya Uapiruka yamezima sasa. Namwogesha, namlisha, tunagombana juu ya mambo ya utotoni, nani alivunja kibuyu cha mama. Kila asubuhi akiamka, kabla ya salamu, ananyoosha mkono gizani kwake ananiuliza, "Umeshaondoka?"

Namwambia, "Bado."

Nawe unaniuliza nitarudi lini. Mwanangu, sijui nimjibu nani kwanza.

Mama yako