Mama yake Restuta kanibariki

Sabiha, nimekutana na mama yake Restuta sokoni.

Unakumbuka mwaka 94, Restuta alipopata mimba? Mimi ndiye niliyemwambia hapa kwetu akiitoa atafungwa, Zambia sheria inaruhusu. Nesi mpya, nimetoka semina, najiona najua!

Kumbe hata huko lazima madaktari watatu wasaini. Hilo lilifundishwa mchana, mimi nimeshatoroka kwenda kusuka. Kusuka, Sabiha!

Madaktari hakuwapata. Akaenda kuitolea uchochoroni, akafia hukohuko. Barua yake ya mwisho ninayo mimi. Mama yake anajua alifuata mitumba, akaugua malaria.

Leo kanishika mkono: "Wewe ndiye uliyemsindikiza stendi, mwanangu. Mungu akubariki."

Nikaitikia, "Amina, mama."

Nimeitikia, Sabiha.