Kigae Kwenye Mkoba

Alhamisi. Jua lipo lakini halina kazi, upepo unapenya mpaka ndani ya sweta. Nimetoka shuleni Mollo moja kwa moja hadi intaneti kafe hapa mjini, kucha zimejaa udongo, na nachafua kibodi ya watu.

Jana niliiba. Afadhali niseme mapema, maana nikizungukazunguka nitaishia kuandika habari za baridi.

Ni kigae cha chungu, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kimo kwenye mkoba wangu, nimekifunga kwenye leso.

Wiki hii darasa la nne wanajifunza ufinyanzi. Kitabu kinasema kila mtoto afinyange tunda alipendalo. Mimi nikawaambia tufinyange vyungu vya kweli, vidogo, kisha tuvichome. Kwa chungu cha kweli udongo mtupu hautoshi, utapasuka motoni. Inabidi usage vigae vya vyungu vya zamani, uchekeche, uchanganye ule unga kwenye udongo mpya. Hilo sikufundishwa chuo cha ualimu. Alinifundisha mama, ambaye alifinyanga na kuuza vyungu vijiji vyote vya huku.

Basi nikawaagiza waje na vigae kutoka nyumbani. Sesilia, binti mkimya wa dawati la mbele, alileta karibu nusu ya chungu ndani ya kiroba. Kwa bibi yake kuku walikuwa wanakinywea maji. Nilimsifu bila hata kukitazama, nikaenda kuitikia wito wa mwalimu mkuu. Niliporudi walikuwa wameshakisaga. Kilibaki kipande kimoja cha ukingo, na Sesilia alikuwa amekiweka juu ya jiwe la kusagia tayari.

Chini ya ukingo kulikuwa na alama za ukucha zimepangana. Kila alama ilikuwa na mistari miwili.

Ukucha wa kidole gumba cha mama ulipasuliwa na jembe kabla sijazaliwa, na haukuunga tena. Kila alipoubonyeza kwenye udongo uliacha mistari miwili. Ningeijua alama ile hata gizani, kwa kupapasa.

Nikasema, "Lete hicho, ni kigumu mno, kitawaumiza." Uongo mtupu. Kisha nikasimama pale natazama chungu cha mama yangu kikikandwa ndani ya udongo wa watoto sitini.

Sina chungu chake hata kimoja, na wa kulaumiwa ni mimi. Maduka ya mjini yalipoanza kujaa ndoo za plastiki, nilinunua mbili za bluu kwa mshahara wangu wa kwanza, nikampelekea. Nilijiona mtoto mwenye akili. Alishukuru, akazipanga vizuri ukutani. Haukupita muda majirani nao wakawa nazo, na yeye akaacha kufinyanga. Alipofariki tuligawana kanga na masufuria. Vyungu hakuna aliyeviulizia.

Hata mimi.

Nimemkumbuka leo. Natamani nimwone mara moja tu akilowanisha kidole kabla ya kulainisha ukingo. Nilipokuwa mdogo niliwahi kulia alipokuwa anasaga chungu cha bibi, mama yake mzazi. Hakuacha kusaga. Aliniuliza tu, "Nisiposaga hiki, mwanangu, kile kipya kitasimama na nini?"

Leo watoto wamefinyanga. Cha Sesilia kimeinama upande kama kofia iliyokaliwa. Nilipofika kwake alikuwa anabonyeza ukucha chini ya ukingo, anausogeza kidogo, anabonyeza tena. Miwili, miwili, kuzunguka chungu chote.

"Mbona mara mbili mbili?" nikamuuliza.

"Cha bibi kilikuwa hivyo, mwalimu. Ila sikumbuki vizuri, kile kipande ulichukua."

Hakunilaumu. Alisema kama anayesema kalamu yake imeisha wino, akaendelea na kazi. Mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta maji ya kunawa.

Nimekifungua sasa hivi, hapa kando ya kibodi, nikaweka kidole gumba changu kwenye alama ya mama. Ukucha wangu ni mzima. Unaingia kwenye mstari mmoja, ule wa pili unabaki wazi.

Kigae si changu. Ni cha kwa bibi yake Sesilia, na kesho nitamrudishia mtoto na kumweleza alama ile ni ya nani. Jumatatu mkondo B wa darasa la nne wanaanza kusaga vigae vya kwao. Kama hiki kitaenda kwenye jiwe au hakitaenda, ataamua yeye, nami nitanyamaza.

Ila kabla ya hapo nitaketi naye kwenye dawati lake, kigae katikati yetu na bonge la udongo mkononi, anifundishe kubonyeza mara mbili.