Ngazi za Karakana

Mwanangu kipenzi,

Leo nimepanda ngazi hadi karakanani bila kupumzika, na mafundi wenzangu wakanipigia vigelegele kama bibi harusi! Mkononi bado nina alama madaktari walipopitishia kijibomba cha kutanua mshipa wa moyo. Daktari anasema sukari ya miaka mingi iliuziba taratibu, wala kifua hakikuniuma. Nilikuwa nachoka tu, nikasingizia cherehani. Sasa nashona huku naimba, hadi baba yako ananiomba nipunguze sauti.

Lakini juzi ulinipigia ukiwa unapanda ngazi, ukahema mpaka nikakuuliza kulikoni. Ukasema ni viatu vipya.

Mimi nilisema ni cherehani.

Kapime sukari kwanza, ndipo unijibu.

Mama yako, mpanda ngazi