Kijibwa Alichoniachia Mama Kinakojoa Sebuleni

Mpendwa Bi Zuleha,

Shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana kila wiki nasoma wenzangu wanakuandikia mambo ya ndoa na wachumba na mimi nakuandikia habari za mbwa, lakini nimekaa na jambo hili tangu Agosti na sina wa kumwambia, kwa sababu mimi siyo mtu wa kuongea, hata darasani mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua nasimama tu nimeshika dawati mpaka anasema haya kaa, ila kwenye karatasi maneno yanakuja yenyewe.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, naishi hapa Mpanda mtaa wa Nsemulwa kwa shangazi, dada yake marehemu baba. Kabla ya hapo nilikuwa naishi Sitalike na mama, alikuwa anapika kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, na injinia mmoja pale alikuwa na mbwa jike wa kizungu, wale wadogo wenye manyoya mpaka machoni, ambao hata wakikomaa hawamzidi jogoo. Huyo mbwa akazaa na mama akapewa mtoto mmoja. Mwezi wa sita kambi ikahamia mbali, porini huko njia ya Uvinza, mama akaifuata kazi, mimi nikaletwa kwa shangazi kwa sababu ya shule. Siku ananileta alinikabidhi begi la nguo na hako kambwa kakiwa ndani ya boksi la sabuni, akasema, "Nitunzie Karanga. Mvua zikianza kazi inasimama, nitakuja kumchukua." Karanga ndiyo jina lake, kwa ajili ya rangi.

Bi Zuleha, hilo neno nimelirudia kichwani mara nyingi sana. Alisema atakuja kumchukua Karanga. Mimi hakunitaja. Labda aliona haina haja ya kusema, labda alisahau kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi, sijui.

Sasa Karanga alipofika kwa shangazi alianza kukojoa sebuleni, nyuma ya sofa, pale pale kila siku. Shangazi ni mtu wa Katumba, amekulia kwenye nyumba ya udongo, na kwao mtoto akijisaidia ndani unamwaga majivu na mchanga, unazoa, yamekwisha, kwa hiyo akawa anamwaga majivu na mchanga juu ya sakafu yake ya saruji na kulalamika, "Mwili kama panya, mkojo kama ng'ombe! Sebule yangu imekuwa choo cha stendi!" Akawa anamshika Karanga anamsugua pua kwenye mkojo na kumchapa na kandambili. Mtoto wake Shukuru, wa miaka sita, ndiye mtangazaji, akiona tu anakimbia uani anapiga kelele, "Mamaaa! Kamwaga tena!" hata kama kuna wageni.

Siku moja mwezi wa saba shangazi akakasirika akampigia mama, akasema, "Wifi, huyu mbwa wako ananiharibia nyumba." Mama akaomba aongee na mimi. Tuliongea dakika kumi na moja, nilikuwa naziangalia kwenye simu zinavyopanda. Mama alisema kule mtandao haushiki vizuri mpaka apande juu ya kichuguu nyuma ya jiko, nikasikia upepo, akawa anasema, "Ngoja nisogee, usikate, unanisikia?" Akanifundisha nimtoe Karanga kila akiamka na kila akila, na akanihadithia jinsi mama yake Karanga alivyokojolea ramani ya injinia, akacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa sijamsikia mama akicheka tangu Juni.

Nikafanya alivyosema. Karanga akaanza kuelewa. Ikapita wiki safi, ikapita ya pili. Na mama hakupiga. Wiki ya tatu nikachelewa shule kwenye zamu ya usafi, Karanga akakojoa, nikamwomba shangazi simu nikatuma meseji, na jioni ile ile mama akapiga.

Ndipo nikaelewa, na hapa ndipo naona aibu. Karanga ameshajua, Bi Zuleha. Ameshajua tangu mwisho wa Agosti. Akitaka kutoka anakwenda mlango wa uani, anaukwaruza mara mbili, halafu ananigeukia. Na Jumamosi shangazi akiwa sokoni mimi naacha komeo limefungwa. Naangalia daftari kama ninasoma. Anakwaruza tena. Analia kwa sauti nyembamba kama bawaba isiyo na mafuta. Mwisho anakwenda mwenyewe nyuma ya sofa, anakojoa huku ananitazama, masikio ameyalaza, kama vile yeye ndiye aliyenikosea mimi. Shangazi akirudi anamchapa, na mimi nasimama pale. Kisha naomba simu, naandika, "Shikamoo mama, Karanga amekojoa tena." Na jioni simu inaita.

Utasema si umpigie tu mama muongee. Shangazi anasema simu yake siyo ya stori, ni ya mambo yenye maana. Na hata nikipewa, niseme nini? Shuleni nasoma Kiswahili na Kiingereza, na mama tunaongea Kirundi, lakini kwenye simu lugha zote zinanikimbia. Ananiuliza, "Hujambo? Shule?" nasema nzuri, yeye anasema haya, mimi nasema haya. Tukifika kwa Karanga ndiyo tunaongea kama watu.

Sasa shangazi amechoka kabisa. Kuna mzee anaitwa Malale, anatoka Kabungu kutuletea mkaa, shangazi amemwambia mwisho wa mwezi huu aje amchukue Karanga akalinde mahindi. Mzee Malale mwenyewe alimwinua kwa mkono mmoja akacheka, "Mama Shukuru, huyu akienda mahindini, nyani watanirudishia wakidhani nimepoteza mtoto." Lakini amesema atamchukua, wajukuu watacheza naye.

Sasa nifanye nini? Karanga akiacha kukojoa, mama hatapiga tena. Asipoacha, anapelekwa Kabungu, na mvua zikianza mama hana cha kufuata kwa shangazi. Mawingu yameanza kukusanyika mchana, mwalimu anafundisha na mimi naangalia dirishani. Nisaidie.

Mimi Mwenye Aibu,
Nsemulwa, Mpanda.

*

Mwenye Aibu, marahaba mwanangu.

Sijakucheka. Ila nimekasirika, acha niitoe hasira kwanza ndipo tuongee vizuri. Kale kanyama kamejifunza. Kanakuja mlangoni kwa adabu, kanakwaruza, kanakuomba ruhusa, na wewe unakaacha kaaibike halafu unatazama kanavyochapwa kandambili kwa kosa lako. Unajua wewe kusimama mbele ya watu umeshika dawati huku kila mtu anakutazama. Unajua inavyouma. Kwa nini umempa mwenzako aibu hiyo hiyo? Komeo lile usilifunge tena kwa makusudi, hata Jumamosi moja. Hilo halina mjadala.

Hasira imekwisha. Sogea.

Tuanze na sakafu, maana kuna kosa la shangazi pia. Majivu na mchanga ni dawa nzuri kwenye nyumba ya udongo: unazoa na tabaka la juu la sakafu, harufu inaondoka nalo. Kwenye saruji huzoi kitu. Kwa pua yako pamekauka, kwa pua ya mbwa pale nyuma ya sofa pameandikwa "choo", tena mmempelekea na mchanga kabisa mkampunguzia safari ya uani. Vuta sofa. Sugua kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kisha mwagia siki au maji ya limao, acha pakauke, rudia kesho yake. Kusugua pua kukome. Mbwa akichapwa baada ya kitendo hajifunzi kutoka nje, anajifunza kukuogopa na kujificha kukojoa.

Mbwa wadogo namna hiyo wana kibofu kidogo, siyo kiburi. Mtoe asubuhi kabla hujapiga mswaki, akimaliza kula, akimaliza kucheza, ukirudi shule, na kabla ya kulala. Mpeleke sehemu moja ile ile ya uani, simama naye mpaka amalize, na akimaliza tu msifie hapo hapo, mpe hata kipande cha ugali. Saa ulizoko shule mpe kazi Shukuru. Huyo mtangazaji ana kipaji, tatizo anatangaza taarifa ikiwa imechelewa. Mwambie kazi yake mpya ni kutangaza Karanga akikwaruza mlango. Utaona atakavyojidai.

La pili, shangazi yako. Mwambie ukweli, na umwambie leo. Gazeti hili linafika Mpanda Ijumaa, hukuniomba nifiche jina la mbwa, na Nsemulwa nzima sidhani kama kuna Karanga wawili wanaokojoa nyuma ya sofa. Akisoma kabla hujasema, mimi simo. Osha ile kona kwanza, ndipo umfuate. Mdomo ukikataa, mwandikie karatasi uiweke chini ya kikombe chake cha chai, wewe kalamu inakutii. Atafoka. Mwache afoke, haki yake. Kisha omba mambo mawili: Mzee Malale asubiri mpaka mvua zianze, na Jumapili moja moja upewe simu, mbwa akojoe asikojoe. Na wewe shangazi, kama unasoma hapa: mtoto kuisikia sauti ya mama yake ni jambo lenye maana. Hakuna lenye maana kulizidi katika simu hiyo.

Sasa mama. Nimeisoma barua yako mara tatu kwa sababu ya kile kichuguu.

Mwanangu, huyo mwanamke anaamka kuwapikia wajenzi wa barabara. Amesimama kwenye moshi siku nzima. Jioni miguu imevimba, masufuria hayajaoshwa. Halafu meseji inaingia, anatoka, anakwenda nyuma ya jiko, anapanda kichuguu, anazunguka na simu hewani akitafuta mtandao, "usikate, unanisikia?" Wewe unaamini amepanda kule kwa ajili ya mkojo wa mbwa?

Hakuna mtu anayepanda kichuguu kwa ajili ya mkojo wa mbwa.

Uliitoa wapi hiyo haya yako? Nadhani nimeijua. Mama yako naye haya imemjaa. Hawezi kusema "nitakuja kukuchukua wewe", kwa sababu akisema hivyo pale mlangoni, gari linapiga honi, atalia, na wewe utalia, na gari litamwacha. Akasema Karanga. Hawezi kupiga simu ya wifi yake bila sababu, amekuacha kwenye nyumba ya watu, anaona haya kusumbua. Anasubiri apate sababu. Na wewe huku unamtengenezea sababu nyuma ya sofa. Nyie wawili mnamtumia yule mdogo kama posta.

Siwezi kukuahidi kwamba mvua zikianza atakuja kukaa. Kazi ni kazi, na huenda akaja siku tatu akarudi kambini, na itauma. Hilo utamuuliza yeye, kwa mdomo wako au kwa kalamu yako, siyo kwa kibofu cha mbwa. Karanga katuzidi akili: akitaka kitu anakwenda mlangoni anakwaruza. Wewe kwa mama yako hujakwaruza hata mara moja.

Kwa hiyo Jumapili, ukishapewa simu, tuma meseji hii, usiongeze na usipunguze: "Shikamoo mama. Karanga hakojoi tena ndani. Mimi nimekukumbuka. Mvua zikianza utakuja kunichukua na mimi?" Kwa Kirundi kama ndiyo lugha yenu. Bonyeza, weka simu mezani, kaoshe vyombo.

Akipiga, msianze na mbwa. Asipopiga siku hiyo, usimhukumu. Pengine amechoka, pengine mtandao wa porini umemgomea, pengine amekaa chini ya kichuguu anatafuta la kujibu. Utasubiri, na kusubiri kwenyewe kutakuwa kugumu.

Ila hapo unaposubiri, ukisikia mlango wa uani umekwaruzwa mara mbili, inuka umfungulie.

Bi Zuleha