Uji Uleule, Matumbo Mbalimbali

Kolwezi, Jumapili baada ya misa

Mdogo wangu Ngoie,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba chakula kikishamezwa, mwili umekipata. Nami nimelifanya, tena juu yako. Lakini nikusalimu kwanza. Umeamkaje huko Lubudi? Lile joto linalokupanda kifuani hata unavua kitambaa cha kichwa kanisani, limepungua? Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia.

Kazi yangu hapa maabara unaijua: tunawapa akina mama uji wa soya siku tatu, kisha tunapima mkojo wao wa siku nzima. Soya ina viini vinavyofanana kidogo na homoni za mwanamke. Kwa baadhi ya watu, vijidudu vya tumboni huvigeuza kuwa kitu chenye nguvu zaidi, nasi hukiona katika mkojo.

Mwezi uliopita mkojo wa mama mmoja, mke wa mchimbaji wa mgodi wa Mashamba, haukuwa nacho hata chembe. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Mama, uji uliumwaga."

Akanijibu, "Tata, baba yangu, si muliniona na macho yenu niko nakunywa? Munataka niwafungulie tumbo muangalie?"

Wakaangua kicheko. Kwa hasira nikanywa uji huo mwenyewe siku tatu, nikabeba chupa yangu kama wao. Mkojo wangu ukatoka sawa na wake! Vijidudu hivyo hatuna, na wasio navyo ni wengi. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka.

Ndipo nikakumbuka barua uliyoniandikia mimi kaka yako mkubwa: "Yaya, soya haiko inanisaidia." Nilikujibu kwamba uji huunywi, unawapa wajukuu, na kwamba usimsumbue daktari kabla ya kumaliza mfuko wa soya niliokutumia ili upunguze lile joto. Hukuandika tena. Umevumilia miezi minane kwa ajili ya neno langu. Tumbo lako sijalipima, kwa hiyo sijui kama liko kama langu. Lakini ulisema kweli, na mimi, mtu wa kupima, nilikuhukumu bila kupima. Nisamehe, mdogo wangu.

Nisalimie shemeji yangu, na shangazi yetu anayekaa karibu na stesheni. Soya iliyobaki sasa wape wajukuu kweli, ni chakula kizuri.

Nami ni yaya wako, Banza.

Ukimaliza kusoma, vaa viatu uende kwa daktari leo hii.