Mwenye Maneno ya Wimbo

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lile limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za shule. Mimi sijambo, ila usingizi umenipaa tangu Ijumaa. Ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Uliniomba nikusimulie hafla ya tuzo. Dada, haikuwa nilivyodhani. Tuzo hizi hazitazami sauti wala sura. Chama cha watunzi hutazama mirabaha tu, yaani wimbo gani umepigwa sana redioni, saluni na kumbini mpaka ukamwingizia mtunzi wake fedha kuliko wengine. Kwa hiyo washindi walikuwa watu ambao hata bawabu aliwazuia mlangoni. Mmoja ni mama mshona mapazia, aliyetunga kile kipande kifupi kinachotangulia taarifa ya habari. Nilimuuliza kilimjiaje. Akasema alikuwa akiiga mlio wa cherehani yake inapokwama. Wapiga picha walimpita wakimkimbilia aliyeuimba wimbo wangu, nami nikabaki nikijiuliza ni nyimbo ngapi tunazijua bila kuwajua wenyewe.

Kisha wakautaja wimbo wangu, ule wa maharusi. Mshereheshaji akasoma kibwagizo, "Ukiniona kimya, usidhani nimekataa," akaniuliza nilikitoa wapi. Nikasema kilinijia tu. Watu wakapiga makofi, mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Hata wewe uliniuliza hivyo mwaka wimbo ulipotoka, nikacheka na kubadilisha mazungumzo. Hukurudia. Leo nakujibu.

Unamkumbuka fundi saa. Aliposema anataka kukuposa, ulikaa wiki tatu bila neno, kisha ukanipa bahasha yenye barua ya jibu nimpelekee. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na udadisi uliniwasha. Niliifungua njiani nisome, ikachanika. Nikaona aibu kuifikisha vile, nikaificha nitafute bahasha nyingine. Nilipokwenda kesho yake, kibanda kilikuwa kimefungwa. Fundi viatu wa jirani akaniambia mwenzake amehama, amechoka kungoja jibu. Wewe ukaamini kwamba aliisoma barua yako akaondoka, nami nikakuacha uamini hivyo miaka ishirini na sita. Maneno yale ya kibwagizo ni ya barua yako, Dada. Mimi nilitia muziki tu.

Jumatatu nilikwenda ofisi za chama kuomba jina lako liandikwe mbele ya langu. Karani akauliza kama ulikuwepo wimbo ulipotungwa. Nikamwambia, "Alikuwepo kabla yangu." Fomu ni hii, pa kutia sahihi nimepawekea alama. Barua yako nayo imo humu. Msamaha sitauomba kwa posta. Nakuja Jumamosi niuombe, nawe unijibu mwenyewe uso kwa uso.

Jambo moja linanizungusha kichwa. Wimbo uliopigwa kuliko nyimbo zote lazima umemfikia fundi saa, popote alipo. Sijui kama alitambua kuwa ni jibu lake.

Wasalimie walimu wenzako, nawe upokee salamu zangu kwa mikono miwili.

Mdogo wako,
Chiriku