Nguzo Fupi za Kanduyi

Kitale,
Jumapili, 15 Oktoba 2006

Kwa dada yangu mpendwa Sellah,

Pokea salamu za mdogo wako anayekukumbuka sana. Huku tu wazima, mvua bado inatusumbua na mahindi hayajatoka shambani, na Lorraine wangu ameng'oka meno ya mbele lakini hanyamazi. Je, wewe hujambo? Mgongo umepoa? Na mama anaendeleaje huko Matulo? Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Niliyo nayo ni marefu, na simu ingekatika kabla sijafika penye uzito.

Kwanza futa machozi: duka lako la Kanduyi halifungwi. Tajiri wetu Mzee Muigai mwenyewe amesema, mbele yangu na mbele ya mwanawe Ngari, kwamba wewe na wasichana wako mtaendelea kuuza mbegu na mbolea hapo. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana kazi hiyo nimeifanya mimi, na leo sitajifanya mnyenyekevu.

Unazijua zile ripoti za kompyuta ninazowatumia kila mwezi. Uliniambia unazitandika kwenye rafu, ati ni namba zimepandana kama siafu. Niliudhika, kisha nikagundua hata Mzee hazisomi. Yeye hufungua ukurasa wa mwisho, hulinganisha Agosti ya mwaka huu na ya mwaka jana, basi. Kwa hesabu hiyo Kanduyi ilikuwa imeanguka vibaya, akasema ikifika Krismasi mlango ufungwe.

Hapo nikachoka kuandikia watu vitu wasivyoweza kusoma. Nikachukua karatasi moja kubwa, kila duka nikalichorea mstari wake: duka kubwa la hapa mjini juu, Kanduyi katikati, na chini lile la dawa za mifugo pale sokoni, ambalo msimamizi wake ni mume wangu Wabwile. Kwa kila mwaka nilichora nguzo ya mauzo ya Agosti, ndefu pale tulipouza sana, fupi pale tulipouza kidogo. Printa yetu haina rangi, kwa hivyo niliiba penseli za Lorraine. Nilipomaliza mstari wako nikacheka peke yangu ofisini. Nguzo fupi zilikuwa za 2002, 2004 na 2006. Dada, si ni miaka ya tohara yetu ya Agosti! Mbukusu gani atakumbuka mbegu za msimu wa pili wakati anatafuta fahali na wimbi wa kupikia pombe ya busaa? Miaka hiyo nikaipaka nyekundu.

Mzee alipoletewa karatasi sikumweleza kitu. Alivaa miwani, akapitisha kidole, akauliza mwenyewe mbona hizi nyekundu zinakuja zikiruka mwaka. Nilipomwambia, alicheka mpaka Ngari akaingia kuona kuna nini. Ati Agosti hii yeye mwenyewe alikula nyama ya sherehe kwa rafiki yake kule Naitiri, na hakufikiri hata kidogo kwamba pesa ya mbegu zake ndiyo iliyonunua ng'ombe huyo! Akalinganisha nyekundu na nyekundu, akaona zenu zinapanda kila mara. Mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta alisoma biashara yake kwa kidole. Nilifurahi sana, sitakuficha.

Lakini kidole hakikusimama kwenu. Kilishuka hadi mstari wa tatu, na huko hakuna tohara ya kutetea mtu. Nguzo zinapungua tu, mwaka baada ya mwaka. Mzee alivua miwani, akasema pole pole kwamba duka la kufungwa ni hilo.

Sasa sikia neno ambalo nisingeweza kulisema kwa simu. Shida ya Mzee ilikuwa Kanduyi tu. Mstari ule wa tatu niliuongeza mimi, hali nimeshauona ulivyo. Ningeuacha nje, siku moja Ngari angeuliza liko wapi lile duka lingine, na tangu hapo hata nguzo zako zisingeaminika.

Nilimwomba Mzee nimwambie Wabwile mimi mwenyewe. Niliibeba karatasi nyumbani, nikaitandaza mezani, nikaanza kueleza rangi. Akanizuia kwa mkono, akasema anaona. Kisha akaniuliza kama ilikuwa lazima mstari wake uwepo. Nikamjibu kwamba haikuwa lazima. Hakunigombeza. Tangu siku hiyo ananiita Nasimiyu, si Mama Lorraine tena, na hilo limeniuma kuliko matusi.

Dada, nikipewa karatasi nyingine kesho nitachora vile vile. Kazi yangu haina kosa. Lakini Jumamosi Wabwile anakuja Kanduyi kutafuta kibarua. Usimpe kwa kunihurumia, angalia kama duka lina nafasi. Ila mpokee kama shemeji, mpe chai, na umweleze ni wasichana wangapi hapo wangekuwa wanafungasha virago. Mimi nikimwambia, anasikia najitetea.

Msalimie mama, wasichana wote wa dukani, na kila anayeniulizia. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Nasimiyu